Anayepiga Kelele Stendi Huenda Anaumwa Jino

(Mada fupi niliyoitoa kwenye kikao cha vijana wa chama)

 

Nimepewa dakika tano niongelee haki za binadamu. Najua wengi mlitegemea niseme habari za Tume Huru na Katiba Mpya. Hizo tutaziongea mpaka kieleweke. Leo naomba nimwongelee mtu asiyepiga kura na asiye na kadi ya chama chochote.

Pale stendi ninapopandia daladala kwenda chuo yupo kaka mmoja mgonjwa wa akili. Hana kwao, analala kwenye vibaraza vya maduka. Kuna wakati akawa anapiga kelele usiku kucha huku anajipiga ngumi shavuni. Makondakta wanacheka, vijana wanamrekodi kwa simu. Aliyeelewa ni mama ntilie wa pale. Akaniambia, "Mwanangu, huyu hana wazimu mpya. Nikimpa wali anatafunia upande mmoja, na machozi yanamtoka." Ni jino, jamani! Shavu lilikuwa limevimba na sisi wote tulikuwa tunaliona.

Tukachangishana, tukampeleka hospitali. Mapokezi wakauliza: ndugu yake nani, ana bima? Halafu wakamwangalia vizuri, wakasema, "Huyu mbona ni wa akili, mpelekeni kitengo chake." Kule akachomwa sindano ya kumtuliza, akalala. Kwenye karatasi yake wameandika "anafanya fujo". Hakuna aliyemwambia afungue mdomo.

Siku ya tatu jipu likapasuka, usaha ukatokea nje ya shavu. Tukarudi naye. Safari hii mama ntilie aligoma kutoka mlangoni mpaka jino liling'olewa. Usiku ule stendi ilikuwa kimya. Hadi leo kaka yule anaongea peke yake, lakini zile kelele ziliisha.

Nimejifunza hivi: mtu akishaitwa chizi, mwili wake haukubaliwi tena kuwa shahidi. Mimi nikisema naumwa, napimwa. Yeye akisema anaumwa, inahesabiwa ni dalili ya wazimu. Wakati mwenye sababu nyingi za kuumwa ni yeye: peku kwenye lami ya saa saba mchana, mgongo kwenye saruji, vidonda visivyooshwa, kipigo cha walevi. Hata baadhi ya dawa za ugonjwa wenyewe hukakamaza misuli. Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye magonjwa makali ya akili hufa mapema kwa miaka 10 hadi 20 kuliko wengine, na wengi huuawa na magonjwa ya mwili yanayozuilika.

Sasa sheria. Ibara ya 12 ya Katiba inasema kila mtu anastahili kuthaminiwa utu wake. Haikuweka "isipokuwa". Tunayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, unaotaka wapate matibabu ya kiwango kilekile wanachopata wengine. Lakini mtaani mtu huyu anaijua serikali kupitia mgambo, anayemfukuza kwa kosa la uzururaji. Na Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji za aina hiyo zinakinzana na Mkataba wa Afrika. Kukosa pa kulala si jinai.

Naomba tutoke na mambo mawili ya kudai. Moja, mgonjwa wa akili akifika hospitali apimwe mwili mzima kabla ya kuandikiwa "fujo", na kukosa ndugu au bima kusiwe sababu ya kumrudisha. Mbili, kila halmashauri itenge fungu la kuwafuata watu hawa walipo: nesi, afisa ustawi wa jamii na sanduku la dawa. Tukipata madiwani, tuwabane wa kwetu kwanza.

La mwisho litawauma baadhi yenu. Fungueni kurasa zetu wenyewe. Waziri akikosea tunaandika "chizi huyo, apelekwe Mirembe". Mirembe ni hospitali, makamanda. Watu wanatibiwa pale. Sisi tumeifanya tusi, kisha tunashangaa nesi akimwona mgonjwa anacheka badala ya kumpima. Tunao ushahidi wa kutosha wa kuikosoa serikali, hatuhitaji kuazima ugonjwa wa mtu.

Kesho ukipita stendi yako na kumkuta anayepiga kelele, weka simu mfukoni. Mwangalie mguu, mwangalie shavu. Muulize, "Kaka, unaumwa wapi?" Huenda hakuna aliyewahi kumuuliza.