Namba ya Simu Ugenini



Aendaye kukaa Riyadh au Jeddah hutafuta kwanza namba ya simu. Namba za mkononi huanza na 05 katika miji yote miwili. Kuhama hakumlazimishi mtu kuibadili. Lililo kubwa ni jina. Jamaa yetu mmoja alitumia laini ya rafiki yake. Rafiki aliporejea kwao moja kwa moja, laini ikafungwa, na namba za siri za benki zikawa hazimfikii. Mshahara ulikuwamo, asiweze kuugusa. Basi isajilini kwa iqama yenu wenyewe, yaani kibali cha ukaazi, na kwa alama ya kidole. Na namba ya nyumbani msiitupe: ndiyo aliyoihifadhi mama kwa ghibu.