Galaksi Maskini Isiyo Changa

Leo tunaelekea upande wa anga lenye kundi la nyota liitwalo Asadi, yaani Simba. Huko, umbali wa miaka-nuru takriban milioni 5.3, imo galaksi ndogo mno iitwayo Leo P. Iligunduliwa kwa mawimbi ya redio ya hidrojeni yake, yaliyonaswa na darubini ya Arecibo, Puerto Rico, ile iliyoporomoka Desemba 2020. Habari zake zilichapishwa mwaka 2013.

Wataalamu wa falaki husema galaksi hii ni maskini wa metali. Msemo huo utamshangaza mhunzi yeyote, kwani kwao kila kilicho kizito kuliko hidrojeni na heli ni metali, hata oksijeni tunayoivuta. Wana sababu yao. Mlipuko Mkuu, miaka bilioni 13.8 iliyopita, ulituachia hidrojeni, heli iliyokaribia robo ya uzito wote, na chembe za lithi. Oksijeni, kalisi ya mifupa na chuma cha jembe vilipikwa baadaye ndani ya nyota, vikatawanywa zilipokufa. Kila kizazi cha nyota hukirithisha kinachofuata. Jua letu ni mrithi tajiri. Leo P, kwa kipimo cha oksijeni, ina asilimia 3 tu ya kiwango cha Jua.

Kwa nini? Jibu jepesi ni kwamba ni changa, haijapata muda wa kupika. Ndivyo ilivyodhaniwa kuhusu galaksi nyingine, I Zwicky 18, tangu Leonard Searle na Wallace Sargent walipoonyesha umaskini wake mwaka 1972. Hata mwaka 2004 watafiti walidai, kwa picha za darubini ya Hubble, kwamba haikuzidi miaka milioni 500. Miaka mitatu baadaye Hubble hiyo hiyo ikaonyesha nyota hafifu zenye umri wa angalau miaka bilioni moja. Hoja ya uchanga ikavunjika.

Basi kama ilipika, chakula kiko wapi? Kwa maoni yangu, hesabu ya Leo P iliyotolewa mwaka 2015 ndiyo inayojibu vizuri zaidi. Watafiti walihesabu nyota zake, wakakadiria oksijeni iliyopaswa kuzalishwa, kisha wakatafuta iliyobaki. Walikuta asilimia 5 tu! Galaksi kubwa hubakiza kati ya asilimia 20 na 25. Nyota kubwa zinapolipuka husukuma gesi nje, na uvutano wa galaksi ndogo hauna nguvu ya kuirudisha. Ni pakacha linalovuja.

Mwaka 2024, darubini ya James Webb ilithibitisha kwamba Leo P ilizaa nyota mapema, ikanyamaza miaka bilioni kadhaa, kisha ikaanza upya.

Umaskini huu una faida kwa sayansi. Pasipopikwa kingi, heli iliyopo inakaribia kuwa ileile ya Mlipuko Mkuu, na kipimo chake hujaribu nadharia yote ya mwanzo wa ulimwengu. Katika Leo P kipimo hicho hutoka katika wingu moja la gesi, linalowashwa na nyota moja tu kubwa yenye joto kali. Nyota ya namna hiyo huishi miaka milioni chache.