Mti wa ukoo na siri ya maradhi: funzo kutoka Minto, Sydney

Mgonjwa anapoingia katika chumba cha daktari mjini Sydney, Australia, huulizwa kwanza panapomuuma. Baada ya hapo huulizwa habari za watu ambao hawamo chumbani humo. Je, baba yu hai? Kama amefariki, alifariki akiwa na umri gani, na kwa maradhi gani? Na mama je? Na bibi mzaa mama? Je, katika ukoo yuko aliyeugua kisukari, shinikizo la damu, saratani au maradhi ya moyo akiwa bado kijana?

Wako wanaoyajibu maswali hayo kwa dakika chache. Wako pia wanaoinamisha kichwa na kunyamaza. Si kwamba wanaficha neno, bali hawajui. Makala ya leo, wasikilizaji wapenzi, yanatupa jicho katika kitongoji cha Minto, kutazama ukimya huo umetoka wapi, na ni vipi mtu anaweza kuuvunja kabla haujamgharimu yeye au mwanawe.

Minto iko kusini-magharibi mwa Sydney, katika eneo la mji wa Campbelltown, kando ya reli iendayo kusini. Jina lake limetokana na bwana mkubwa wa Kiskoti, Earl of Minto, aliyekuwa gavana mkuu wa India mwanzoni mwa karne ya 19. Wenyeji wa ardhi hiyo, hata hivyo, ni Wadharawal, mmoja wa jamii za wenyeji wa asili wa Australia. Leo hii mitaani huko husikika Kibengali cha watu wa Bangladesh na lugha za visiwa vya Pasifiki kama Samoa. Vitongoji vya magharibi na kusini-magharibi mwa Sydney vimewapokea pia wakimbizi kutoka Kongo, Burundi, Sudan na Somalia, na baadhi yao wanazungumza Kiswahili. Hata majirani hawakukaa pamoja daima. Mwaka 2002 serikali ya jimbo la New South Wales ilitangaza mpango wa kubomoa sehemu kubwa ya nyumba za umma za Minto na kujenga upya, na familia zilizozoeana kwa miaka mingi zikatawanyika.

Matawi yaliyokatwa

Kisa cha kwanza cha kupotea kwa kumbukumbu katika eneo hilo ni cha wenyeji wenyewe. Usiku wa kuamkia Aprili 17, mwaka 1816, askari waliotumwa na Gavana Lachlan Macquarie waliwashambulia wenyeji wa asili karibu na Appin, kusini mwa Campbelltown. Watu wasiopungua 14 waliuawa, wakiwemo wanawake na watoto.

Karne iliyofuata, mkono wa sheria ukaingia nyumbani. Sheria ya mwaka 1909 ya New South Wales iliipa bodi ya serikali mamlaka juu ya maisha ya wenyeji hao, na marekebisho ya mwaka 1915 yakairuhusu kuwachukua watoto bila ya kwanza kwenda mahakamani. Wasichana walipelekwa katika makao ya Cootamundra, na wavulana katika makao ya Kinchela, wafunzwe kazi na kusahaulishwa kwao. Wengi walinyang'anywa lugha, na wako walionyang'anywa hata majina.

Tume iliyochunguza jambo hilo ilitoa ripoti yake mwaka 1997. Ilikadiria kwamba kati ya mwaka 1910 na 1970, baina ya mtoto mmoja katika kila 10 na mmoja katika kila watatu wa wenyeji wa asili waliondolewa kwao. Februari 13, mwaka 2008, Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni kwa niaba ya taifa.

Radhi hiyo ilikuwa na uzito wake, lakini haikuweza kujibu swali la daktari. Mtu aliyechukuliwa akiwa na umri wa miaka mitatu, akalelewa na wageni, akiwa mtu mzima hawezi kusema kama mama yake alikuwa na kisukari, wala kama baba yake alianguka ghafla kwa maradhi ya moyo. Na kisukari cha ukubwani huwapata wenyeji wa asili wa Australia takriban mara tatu zaidi ya raia wengine. Kwa hiyo aliyepokonywa ukoo alipokonywa pia onyo ambalo lingemkinga.

Ndiyo maana shirika la Link-Up, lililoanzishwa New South Wales mwaka 1980 na Coral Edwards na mwanahistoria Peter Read, hufanya kazi ya kufukua majalada, kuwatafuta jamaa na kuwakutanisha.

Nyaraka zinazosema na zisizosema

Upande wa walowezi mambo ni tofauti. New South Wales ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo kiserikali mwaka 1856. Faharasa za vizazi vya zaidi ya miaka 100 iliyopita, ndoa za zaidi ya miaka 50 na vifo vya zaidi ya miaka 30 ziko wazi kwa yeyote. Hazina kubwa kwa mtafuta afya ya ukoo ni cheti cha kifo, kwa kuwa huonyesha sababu ya kifo, umri wa marehemu na, mara nyingi, majina ya wazazi wake. Akivipanga vyeti vya vizazi vitatu mezani, mtu anaweza kuona moyo, au figo, au kifua kikuu kikijirudia.

Hivyo basi, mzao wa mfungwa aliyeletwa kwa merikebu kutoka Uingereza kwa kosa la wizi anaweza leo kujua mengi juu ya babu yake kuliko ajuavyo Mdharawal juu ya nyanya yake aliyezaliwa katika ardhi ya mababu zake mwenyewe. Nyaraka humhifadhi yule ambaye mwandishi aliona anastahili kuandikwa.

Majina matatu, tarehe moja

Mwafrika wa Mashariki anayefika Sydney anakuja na kumbukumbu ya aina nyingine. Pwani ya Waswahili, mtu hutaja jina lake, la baba yake na la babu yake, na koo nyingine huhifadhi shajara ya nasaba inayorudi nyuma vizazi vingi. Bara, mzee wa ukoo huweza kuhesabu mababu kwa vidole bila ya kufungua kitabu.

Lakini fomu za uhamiaji zina nafasi ya jina la kwanza na jina la familia tu. Jina la babu huhamishwa likawa la familia. Kwa Wakongo, ambao mara nyingi humpa kila mtoto jina lake mwenyewe, ndugu wa tumbo moja huonekana katika karatasi kama watu wasiohusiana. Na wengi ambao siku yao ya kuzaliwa haikuandikwa hupewa Januari mosi, ikawa ukumbi mzima wa wakimbizi unasherehekea siku moja. Mtoto atakayeutafuta ukoo wake miaka 60 baadaye atakutana na karatasi hizo. Asipoachiwa maelezo, zitampoteza.

Liko pia pengo ambalo halikuletwa na wazungu wala na vita. Nasaba nyingi za Afrika Mashariki huhesabiwa kwa akina baba. Maradhi hayaijui desturi hiyo, kwani nusu ya urithi wa mwili hutoka kwa mama. Hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, kwa kawaida hupitia kwa mama mwenye afya njema hadi kwa mwanawe wa kiume. Shajara inayomtaja babu wa saba na kumsahau bibi mzaa mama ni shajara nusu mbele ya daktari.

Tena iko lugha. Neno ndugu laweza kuwa wa tumbo moja, mtoto wa baba mkubwa, au mtu wa ukoo mmoja tu. Likitafsiriwa kuwa kaka halisi, hesabu ya daktari huharibika. Yafaa mgonjwa aeleze: huyu ni wa baba na mama mmoja, yule ni mtoto wa shangazi. Na sababu za vifo je? "Alianguka bafuni asiamke" huenda ilikuwa kiharusi. "Alirogwa, akakonda, akawa anakunywa maji usiku kucha" huenda ilikuwa kisukari. Haifai kumkatiza mzee wala kubishana naye juu ya uchawi. La maana ni kuandika alichokiona: dalili zilianzaje, mgonjwa alikuwa na umri gani, na zilichukua muda gani.

Damu inayosimulia safari

Hakuna ugonjwa unaoonyesha jambo hili waziwazi kuliko selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alikusanya damu za watu wa jamii mbalimbali za Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1949. Aligundua kwamba chembe hizo zenye umbo la mundu zilikuwa nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na chache mno katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alieleza sababu: mtu aliyerithi kinasaba kimoja tu cha selimundu huwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali. Nchini Uganda, uchunguzi wa watoto wachanga uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba watoto wapatao 13 katika kila 100 wanakibeba kinasaba hicho.

Mbebaji wa kinasaba kimoja kwa kawaida ni mzima, wala hajui. Mashaka huanza wabebaji wawili wanapooana. Kwa kila mimba, iko nafasi moja katika nne mtoto azaliwe na ugonjwa wenyewe, na nafasi mbili katika nne awe mbebaji kama wazazi wake.

Chukulia mama aliyezaliwa Uvira, akakulia katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, kisha akahamia Sydney. Mwanawe anaamka usiku akilia kwa maumivu ya miguu na mikono. Daktari anauliza kama selimundu imo katika ukoo, na mama anajibu hapana, kwa kuwa hajawahi kulisikia jina hilo. Lakini akiulizwa kama walikuwako watoto waliokufa wadogo, macho yakiwa ya manjano, wakilalamika mifupa, huenda akawakumbuka wawili ambao hakuna aliyewataja tangu wazikwe. Katika koo nyingi, watoto waliokufa wachanga hawahesabiwi, ili wazazi wasitoneshwe kidonda. Lakini hao ndio mashahidi wakubwa, na mti wa ukoo usio na majina yao huficha kile hasa kinachotafutwa.

Pa kuanzia

Wataalamu hushauri kuanza na vizazi vitatu: wewe na ndugu zako, wazazi na ndugu zao, kisha mababu na mabibi wa pande zote mbili. Kwa kila mmoja andika mahali alipozaliwa, maradhi yake makubwa, umri alipoanza kuugua, na umri na sababu ya kifo. Umri una uzito wa pekee, kwa kuwa saratani ya titi katika umri wa miaka 35 humwambia daktari neno tofauti na ile ya miaka 80. Marekani, mganga mkuu wa serikali aliwahimiza wananchi mwaka 2004 waitumie sikukuu ya kutoa shukrani, familia zinapokusanyika, kuulizana habari hizo. Kwa Waswahili, Idi, arusi na hata matanga huwakusanya jamaa vivyo hivyo, ingawa msiba wataka busara ya kuchagua saa.

Mzee aliye mbali apigiwe simu. Aamkiwe kwanza, ajuliwe hali, na aelezwe sababu ya kuulizwa: si umbea, bali ni afya ya wajukuu. Asiyetaka kusema asilazimishwe, na alichokisema kwa siri kisitangazwe. Waliopotezana na jamaa zao vitani wanaweza kuomba msaada wa Msalaba Mwekundu, unaotafuta watu waliotenganishwa na vita. Na hospitalini, anayekitaka Kiswahili aombe mkalimani, kwani hospitali za umma za New South Wales hutoa huduma hiyo bila malipo. Mtoto asifanywe mkalimani wa siri za mama yake.

Vipi kuhusu vipimo vya vinasaba vinavyouzwa kwa njia ya intaneti? Vinaweza kuonyesha jamaa asiyejulikana, na kwa baadhi ya watoto waliochukuliwa vimefungua mlango. Lakini vinaweza pia kufichua kwamba baba si baba. Kumbukumbu zake nazo zinataka ulinzi: kampuni ya 23andMe ilidukuliwa mwaka 2023, na mwaka 2025 ikaomba ulinzi wa sheria ya kufilisika, huku wateja wakijiuliza habari zao zitaishia mikononi mwa nani. Mwenye wasiwasi wa ugonjwa wa kurithi ni heri aanze kwa daktari.

Ifahamike pia kwamba kurithi hatari si kurithi kifo. Mtoto wa mwenye shinikizo la damu si lazima alipate. Anahitaji tu kupimwa mapema na kuangalia chumvi yake.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Wako ambao hawakuiacha asili yao; walinyang'anywa, kama wale watoto wa Cootamundra na Kinchela, au waliikimbia usiku bila ya kuchukua hata picha moja. Kwao, kila jina linalopatikana ni dawa. Lakini yule ambaye bibi yake yungali hai Kigoma, Lamu au Bukavu, na simu imo mkononi, hana udhuru huo. Swali ambalo daktari wa Sydney atamwuliza mwanawe miaka 30 ijayo lina jibu leo, na jibu hilo limekaa barazani, likisubiri kuulizwa.