Akili ya Hisia na Kasoro za Hulka



Nimetakiwa niseme juu ya akili. Shule hupima akili ya vitabu. Mwaka 1990 wataalamu wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliandika juu ya akili ya namna nyingine: kuzitambua hisia zako na za mwenzio, kuzielewa, na kuziongoza.

Akili hiyo ina sehemu zake, na mtu aweza kuwa na moja akakosa nyingine. Hapo ndipo inapokutana na kasoro za hulka, yaani mienendo iliyojijenga ndani ya mtu tangu ujana, migumu kubadilika, inayomuumiza yeye au wenzake. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unataja aina 10.

Nitasema juu ya mbili. Wa kwanza hisia humfurika. Leo rafiki yake ni malaika, kesho ni adui. Naye huogopa mno kuachwa. Hisia anazo tele, ila kuzituliza hawezi. Wa pili huyasoma majonzi ya mwenzake kama asomavyo gazeti, lakini hayamgusi. Ana maneno matamu, anajua udhaifu wako uko wapi, na huutumia. Daktari Hervey Cleckley alimweleza mtu wa namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1941.

Basi mnapochagua viranja, nasi tunapopandisha watu vyeo maofisini, tusidanganywe na ulimi. Tuulize kwanza: wanyonge walio chini yake wanamsemaje?

Na yule wa kwanza tusimbandike jina wala kumtenga. Karibu kila mmoja wetu ana chembe ya hulka hizi. Chembe si ugonjwa, na kupima ni kazi ya mtaalamu. Mwaka 1991 Marsha Linehan na wenzake walionyesha kwamba wanawake wenye kasoro hiyo, waliofundishwa kuvumilia uchungu na kutawala hisia, walijidhuru mara chache kuliko waliopata matibabu ya kawaida. Kwa hiyo inafundishika.

Samaki mkunje angali mbichi. Mvulana anayewaka bwenini aulizwe "Una nini?" kabla ya kutafutiwa adhabu.