Msafara wa Pikipiki kwa Ajili ya Watoto
Msafara wa hisani wa pikipiki, yaani safari ya pamoja ambayo kila mwendeshaji huingia kwa kutoa mchango na wala si kwa kushindana, umezoeleka sana nchini Marekani, ambako misafara mingi hukusanya vitu vya kuchezea kwa ajili ya mpango wa Toys for Tots, ulioanzishwa mwaka 1947 mjini Los Angeles na Meja Bill Hendricks na wenzake wa kikosi cha akiba cha jeshi la Marine, yaani askari wenye shughuli za kiraia ambao huitwa jeshini panapohitajika. Mwaka huo vilikusanywa vitu 5,000. Tangu 1980 hupokewa vipya tu, na ni haki, kwa kuwa umaskini wa mtoto hauhalalishi kumpa kilichochakaa.

Ugumu wa msafara umo barabarani. Waendeshaji hujipanga kwa mpangilio wa zigizaga, ambamo wa kwanza hushika upande wa kushoto wa njia yake, wa pili hufuata upande wa kulia akiwa nyuma kwa angalau sekunde 1, na wa tatu hurudi kushoto, sekunde 2 nyuma ya wa kwanza, ili kila mmoja apate nafasi ya kukwepa shimo. Kwenye kona kali mpangilio huo huvunjwa na wote hufuatana kwa mstari mmoja. Hata mzigo una hatari yake: mdoli uliofungwa vibaya kwenye pikipiki, ambao kamba yake yaweza kunaswa na mnyororo au gurudumu, ni hatari isiyotiliwa maanani ipasavyo.