Maji Yanateleza, Vumbi Linabaki: Dawa za Kupuliza Zinazofukuza Maji, Zikitazamwa kutoka Kasulo



Mada niliyopewa inauliza kama zile dawa za makopo zinazofanya maji yakimbie juu ya gari zinaweza kutufaa sisi wa mtaa wa Kasulo na mji wa Kolwezi, Kongo, kwa jumla. Natanguliza jibu ili mpate la kunibishia: zinafaa kidogo, mahali pachache, na hasa katika miezi ambayo hatuna haja nazo. Kinachotutesa hapa ni vumbi. Dawa hizi hazina njia ya kuliondoa vumbi isipokuwa kwa maji yanayotiririka.

Wengi mmeziona kwenye simu. Mwaka 2013 kampuni ya Rust-Oleum ilileta NeverWet katika maduka ya Marekani, na watu wakaanza kupuliza viatu, glovu na nguo kisha kuvimwagia matope. Mwaka uliofuata Nissan ya Ulaya ikapaka gari lake dogo, Note, dawa nyingine iitwayo Ultra-Ever Dry, ikalipitisha kwenye madimbwi, likatoka safi. Picha zile ni za kweli. Lakini ziangalieni tena: kila mara uchafu unaotumika umelowa.

Jinsi zinavyofanya kazi si uchawi. Mkulima yeyote aliyepanda magimbi bondeni amekwisha kuona tone la maji likibingirika juu ya jani bila kulilowesha. Wilhelm Barthlott, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, aliyatazama majani ya namna hiyo kwa hadubini ya elektroni akakuta uso wake si laini hata kidogo. Una vinundu vidogo mno, na juu ya vinundu kuna chembe za nta. Mwaka 1997 yeye na Christoph Neinhuis walichapisha maelezo ya jani la yungiyungi ambayo ndiyo yaliyoamsha biashara yote hii. Tone linakaa juu ya ncha kama paa juu ya nguzo, na katikati ya nguzo ni hewa tupu. Kwa kuwa tone halina mahali pa kushikilia, mwinamo mdogo unatosha kuliondoa, nalo likiondoka hubeba vumbi lililokuwa njiani mwake.

Hapa ndipo wauzaji wanapotuchanganya. Nta ya kung'arisha gari inafukuza maji pia, lakini kwa kemia peke yake. Kwenye uso laini, hata kemikali bora zenye florini hazivuki pembe ya mguso ya nyuzi 120 hivi. Ili tone lisimame karibu duara kamili, kwa pembe ya zaidi ya nyuzi 150, lazima uso uwe na vinundu vidogo mno. Kwa hiyo dawa ya aina tunayoizungumzia ina vitu viwili: gundi inayoshika bati, na unga laini sana wa silika uliovikwa kemikali isiyopenda maji. Ndiyo maana hupulizwa mara mbili, tabaka la chini kisha la juu. Ndiyo maana pia huacha ukungu mweupe, na haifai kioo cha mbele. Kioo kina dawa zake, za uso laini, mfano wa Rain-X iliyotoka Marekani mwaka 1972. Anayekuuzia zote kwa jina moja na bei moja, mwulize maswali.

Sasa tuje mtaani kwetu. Vumbi la Kolwezi ni udongo mwekundu uliosagwa na malori, umechanganyika na chembe za kwotzi, ambazo ni ngumu kuliko rangi ya gari na ngumu mara nyingi kuliko tabaka lile la silika. Kuanzia Mei hadi Septemba karibu hakuna mvua. Gari lililopulizwa linasimama kando ya barabara ya malori, vumbi linatua, na hakuna tone la kulibeba. Kijana anakuja na kitambaa kikavu. Kupangusa mara chache tu kunavunja zile ncha, na ncha zikivunjika dawa imekwisha, hata kama kopo liliahidi mwaka mzima.

Nimesikia watu wakisema umande wa asubuhi utasaidia, maana sisi tuko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na Juni asubuhi zetu ni za baridi. Umande hautasaidia. Mvua hutua kutoka juu ikakuta hewa katikati ya nguzo. Umande huzaliwa humo humo katikati, mahali palipopaswa kuwa na hewa. Matokeo yake ni tope jembamba lililoshikamana na gari, gumu kuondoa kuliko vumbi kavu.

Adui mwingine ni sabuni ya unga, ambayo hakuna muoshaji wetu anayefanya kazi bila hiyo. Sabuni hupunguza mvutano wa uso wa maji, na maji yaliyolegea huingia katikati ya ncha bila kizuizi. Yakikauka huacha mabaki yanayopenda maji. Mafuta ya injini na dizeli nayo huingia katikati ya ncha. Mwenye gari lililopulizwa anapaswa kuliosha kwa maji matupu, kwa mpira, bila kusugua. Je, maji ya mpira mnayo? Wengi wetu tunaosha kwa ndoo.

Lakini kuna jambo zito kuliko umaridadi wa magari, nalo ndilo lililonifanya nikubali kuandika mada hii. Vumbi la Kasulo si vumbi la kawaida. Tangu mwaka 2014, pale mkazi mmoja alipokuta heterojeniti, madini ya kobalti, chini ya ua wake, mtaa huu umechimbwa hadi ndani ya nyumba. Mwaka 2017 sehemu ikazungushiwa ukuta na kupewa kampuni ya CDM, na familia zikahamishwa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Profesa Célestin Banza, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walichapisha utafiti wao katika jarida la Nature Sustainability. Walikuta kobalti nyingi katika mkojo na damu ya wakazi wa Kasulo kuliko ya watu wa mtaa waliolinganishwa nao, na watoto ndio walioathirika zaidi.

Kwa hiyo swali la muoshaji wa Kasulo si "gari limeng'aa?" Ni "vumbi limekwenda wapi?" Ukilipangusa kavu, umelipeleka kwenye mapafu yako na ya mtoto anayecheza kando. Ukiliosha, limekwenda mferejini, na kwa maji ya mfereji hunyweshwa bustani za lengalenga, yaani mchicha. Dawa ya kupuliza haijibu swali hili. Hufanya tu vumbi liondoke upesi zaidi, kuelekea kulekule.

Ndani ya nyumba mimi nakataa kabisa. Kuna anayefikiria kupuliza meza, sakafu, hata sahani, ili mama asichoke kufuta. Kitambaa chenye maji ndicho chombo chetu bora dhidi ya vumbi la madini, kwa sababu maji hulinasa lisiruke. Ukipuliza meza, umeifanya iyakatae maji yale. Kila unapoisugua, unga wa silika na kemikali zake hukwaruzika na kuongezeka kwenye vumbi ambalo mtoto anashika na kutia mdomoni. Vyombo vya chakula ndiyo kabisa, tena watengenezaji wenyewe hawaviruhusu.

Na wakati wa kupuliza? Machi 2006, nchini Ujerumani, dawa ya kulinda vioo na vigae vya bafuni iitwayo Magic Nano iliwaletea karibu watu 100 shida ya kupumua, baadhi wakalazwa kwa maji kwenye mapafu. Ilikuja kubainika kwamba jina lilidanganya: haikuwa na chembe za nano. Hatari ilikuwa matone madogo mno ya kopo la gesi, yaliyofika chini kabisa mapafuni. Dawa hiyohiyo ilipokuwa ikiuzwa katika chupa ya pampu, yenye matone makubwa, haikuleta malalamiko ya namna ile. Fundi anayepuliza ndani ya gereji iliyofungwa, akiwa amejifunga leso puani, anajidanganya. Leso haizuii matone hayo wala mvuke wa viyeyusho. Tena viyeyusho hivyo hushika moto, na gereji nyingi zetu zina mchomeleaji pembeni.

Nisiwe mkatili kupita kiasi. Kuna mahali ambapo ningeitumia: uso usioguswa na mkono, unaopigwa na maji au tope la mvua, na usiohitaji kuonekana vizuri. Upande wa ndani wa madigadi ya pikipiki ya wewa (dereva wa pikipiki ya abiria), kwa mfano, ambako tope zito la Januari hujaa mpaka tairi linakwama. Chini ya bodi ya pikapu inayokwenda soko la madini la Musompo. Kisanduku cha nje cha nyaya. Paneli za jua, ambazo wengi tumezitegemea kwa sababu ya umeme unaokatika, zinaonekana kama mahali pazuri, lakini ukungu mweupe hupunguza mwanga, na miezi ya vumbi ni ileile isiyo na mvua. Ndoo na kitambaa chenye maji asubuhi, kabla kioo hakijapata moto, vinatosha.

Anayetaka kujaribu ajaribu Novemba, mvua zikianza. Apulize digadi la pikipiki moja, aache la pikipiki nyingine ya aina ileile inayopita njia ileile, na kila Jumamosi apime tope lililoshika kwa mizani ya kawaida ya sokoni. Apulizie nje, upepo ukiwa mgongoni, kwa chupa ya pampu kama ipo, watoto wakiwa mbali. Na kabla hajatoa pesa, amdai muuzaji karatasi ya usalama ya dawa hiyo kwa Kifaransa, aangalie kama imetajwa kemikali ya florini, ili ajue anachopuliza. Kwa muuzaji asiye na karatasi hiyo, asinunue.