Tuliilaumu nyama, sukari ikajificha

(Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika baraza la wananchi)

Mimi si daktari, kazi yangu ni habari. Lakini jambo hili lilitufika nyumbani.

Mjomba wangu ana kilo 118 na urefu wa mita 1.65. Gawanya uzani huo kwa 1.65 mara 1.65, utapata 43. Kuanzia 40, madaktari huuita unene wa kupindukia. Usiku mmoja aliamka kidole gumba cha mguu kimevimba, hata shuka likikigusa analia. Alipopimwa damu, asidi ya yuriki ilikuwa 9. Akaambiwa ni jongo, ule ugonjwa ambao wengi wetu huuita gauti.

Majirani wakasema ni nyama choma. Akaacha nyama, akaacha matumbo. Soda mbili kwa siku hakuziacha, wala bia ya Jumamosi. Sukari hakupimwa.

Asidi ya yuriki ni taka inayobaki mwili unapovunjavunja purini, ambazo zimo katika seli zetu wenyewe na katika vyakula kama nyama, maini na omena. Ikizidi takriban miligramu 6.8 katika desilita moja ya damu, inaweza kuganda kwenye viungo ikawa chembe zenye ncha kama sindano. Sehemu kubwa hutolewa na figo kupitia mkojo, na hapo ndipo mtu mnene sana hukwama. Mafuta mengi, hasa ya tumboni, huufanya mwili usiitikie insulini vizuri. Insulini hurundikana kwenye damu, na figo huirudisha asidi badala ya kuitoa. Soda nayo huongeza mzigo: ini likivunja sukari yake, asidi zaidi hutengenezwa. Bia ni vivyo hivyo.

Kwa hivyo kipimo kikiwa juu, hata kama huna maumivu, omba upimwe pia sukari, presha, figo na mafuta ya damu. Wengi wenye asidi ya juu hawaugui jongo maishani, kwa hivyo usikimbilie kununua dawa dukani. Mjomba alipokubali kupimwa, sukari yake kabla ya kula ilikuwa 11. Kisukari! Miezi minane tulikuwa tukimlaumu mbuzi.

Sasa anapunguza uzani, polepole. Nasisitiza polepole, kwa sababu kujinyima chakula ghafla hupandisha asidi kwa muda, na jongo linaweza kuzuka upya.

Na wewe unayemeza tembe za presha zile za kukojoza, baadhi yake hupandisha asidi hii. Usiziache kwa uamuzi wako. Beba pakiti uende nayo kliniki, umwonyeshe daktari, naye ataamua kama kuna haja ya kubadilisha.